Kiharusi Nacho Kipewe Gari

Mama mjamzito wa wilaya ya Muleba akizidiwa usiku, ndugu zake hupiga 115 bila malipo. Ndio mfumo wa m-mama: kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali, dereva wa jirani aliyesajiliwa anambeba, kisha analipwa. Nyumba ya pili akianguka mzee mwenye presha, mdomo umepinda na mkono hauinuki, hakuna mwenye zamu ya kumtafutia gari. Familia itahangaika na bodaboda, itakopa nauli, na pengine itaamua kungoja kukuche.

Kungoja huko kunaua. Presha iliyokaa miaka bila dawa huchakaza mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Mmoja ukipasuka, damu humwagika ndani ya fuvu, mahali pasipo na nafasi, ikaukandamiza ubongo wenyewe. Mara nyingi bonge hilo la damu huendelea kukua katika saa za mwanzo, na ndizo saa ambazo ukoo mzima hukaa sebuleni ukibishana nani kamloga mzee.

Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kuvuja. Kwa macho vinafanana mno, hata mbele ya daktari hodari, ilhali tiba zake zinapingana. Aspirini inayomfaa wa kwanza inaweza kumzidishia wa pili damu. Kwa hiyo nyumbani asipewe kidonge, chai wala uji. Alazwe ubavu, ndugu wakariri saa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, na safari ianze.

Safari ya wapi? Muleba ina Rubya, Kagondo na Ndolage, hospitali za misheni zilizozoeleka vizazi na vizazi. Ila kinachotenganisha kuziba na kuvuja ni picha ya CT, na mashine hizo Serikali ilizielekeza kwenye hospitali za rufaa za mikoa, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021. Kwa mtu wa Muleba, hiyo ni Bukoba mjini. Anayehitaji zaidi hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea foleni ya kivuko.

Wengi hudhani kwamba damu ikishavuja kichwani, pasipo daktari bingwa wa kupasua fuvu hakuna la kufanya. Si kweli. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao INTERACT3, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi kumi, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Presha ilishushwa haraka, ikilengwa chini ya 140 ndani ya saa moja. Sukari na homa vikadhibitiwa. Waliokuwa wakitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakapewa dawa ya kuizima. Waliohudumiwa hivyo walipona vizuri zaidi, na vifo vikapungua. Hayo ni mambo ya muuguzi makini, dripu na kipimo cha presha, mradi mgonjwa amefika mapema.

Watakuwepo watakaosema m-mama ilijengwa kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga, na magari yenyewe hayatoshi. Hofu hiyo ina msingi, na mama mjamzito asipoteze nafasi yake. Lakini namba ipo, kituo kipo, madereva wanajulikana. Waanze na wilaya moja, Muleba, na mpango uhesabu pia boti za visiwa vya Ikuza na Goziba, ambako lami haifiki. Na gari likishaondoka kuelekea Bukoba, simu itangulie, ili mtaalamu wa CT awe amekwisha kuamshwa.

Bora zaidi, presha ishughulikiwe kabla mshipa haujapasuka. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, mwenye madaktari wa kila aina, alikufa kwa damu kuvuja ubongoni tarehe 12 Aprili 1945, presha ikiwa imepita 300. Zama zake hazikuwa na dawa ya maana ya kuishusha. Leo amlodipini ni kidonge kimoja kwa siku, na duka la dawa la Kamachumu, humo humo Muleba, linaweza kuiuza. Msimu wa kahawa, wakulima wanapopanga foleni kwenye vyama vya msingi, mhudumu wa afya mwenye kipimo cha presha aketi kando ya mzani, na kila mkulima apimwe kabla ya kupokea stakabadhi yake.