Mzee kaambiwa afanyiwe baipasi: mkubali au mkatae? (Sehemu ya 4)

Tangu niandike kuhusu maumivu ya kifua na kipimo cha anjio, inboksi imejaa swali moja: baba mkwe kaambiwa mishipa mitatu ya moyo imeziba, inabidi apasuliwe, na mashangazi wanasema moyo ukiguswa mtu harudi. Tufanyeje, nesi?

Tuelewane kwanza. Moyo nao unahitaji damu yake, inayopita kwenye mishipa midogo iliyouzunguka kwa nje. Ikiziba, daktari anachukua mshipa mwingine wa mguuni au wa ndani ya kifua na kuupandikiza, damu ipite pembeni ya palipoziba. Ni kama daraja likikatika mnapitishwa mchepuko. Moyo hautolewi nje kusafishwa, hayo ni maneno ya mtaani. Na si jambo geni: René Favaloro, daktari wa Argentina, aliufanya upasuaji huu Cleveland, Marekani, mwaka 1967, na siku hizi unafanyika hapa hapa Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Hatari zipo, sifichi. Mfupa wa katikati ya kifua unapasuliwa, na mara nyingi moyo unasimamishwa huku mashine ikifanya kazi yake. Kwa upasuaji uliopangwa, kwa kawaida hufariki mgonjwa 1 hadi 3 kati ya 100. Kiharusi kinawapata 1 hadi 2 hivi. Karibu mmoja kati ya watatu mapigo yake yanavurugika siku za mwanzo, wengi hutulia. Kidonda kinaweza kupata wadudu, hasa kwa mwenye kisukari au anayevuta sigara. Figo zikiwa mbovu, umri ukiwa mkubwa au upasuaji ukiwa wa dharura, namba zinapanda. Ndiyo maana habari za mzee wa jirani hazikusaidii sana. Muulize daktari: kwa huyu mzee wetu, na kisukari chake na figo zake, ni wangapi kati ya 100?

Halafu uliza swali ambalo familia nyingi hazilifikii: tukikataa, je? Kumrudisha mzee nyumbani na mishipa ileile nako ni uamuzi, na kuna hatari yake. Sisi tunapima kisu tu, kile kinachoendelea kifuani kimyakimya hatukipimi. Hapo ndipo ninapogombana na mashangazi.

Kama ulioziba ni mshipa mkuu wa kushoto, au ni mitatu na mzee ana kisukari, mimi naegemea kwenye upasuaji. Utafiti uitwao FREEDOM, uliotoka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba. Baada ya miaka 5, waliowekewa stenti (kile kibomba cha waya cha kupanua mshipa) walifariki asilimia 16.3, waliofanyiwa baipasi asilimia 10.9. Lakini kiharusi kilikuwa asilimia 5.2 kwa baipasi na 2.4 kwa stenti. Someni namba zote mbili, msichague inayowafurahisha.

Upande wa pili, msikimbilie kisu kwa sababu tu kipimo kimeonyesha pameziba. Utafiti wa ISCHEMIA, wa 2020, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 5,000 ambao ugonjwa wao umetulia na mshipa mkuu wa kushoto uko salama. Wengine walianza na dawa, wengine wakapelekwa mapema kwenye stenti au baipasi. Kwa miaka 3 hivi vifo havikutofautiana. Tofauti ilikuwa kwenye maumivu: waliotibiwa mishipa walipata nafuu zaidi. Kwa hiyo kama mzee maumivu anayapata mara mojamoja akipanda ngazi tu, ni halali kabisa kuuliza, "Daktari, dawa kwanza haiwezekani?"

Jamani, na mzee mwenyewe aambiwe! Nimeona vikao vya ukoo vinafanyika koridoni, mgonjwa yuko kitandani anadhani ana gesi. Kifua ni chake. Huenda anachotaka ni kutembea mpaka msikitini bila kusimama njiani, au huenda kachoka na mahospitali. Hilo nalo lina uzito.

Sasa lenu nyinyi mama wa nyumba, maana kazi itawaangukia. Mfupa unachukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo haendeshi gari, habebi ndoo, na mjukuu asinyanyuliwe hata akilia. Mpakateni kwa upande. Ukiwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni na mgonjwa wa kuogeshwa, utachoka. Kwenye kikao sema wazi nani analala naye, nani anampeleka kliniki, bima inalipa nini na isichokilipa kinatoka mfuko gani. Usinyamaze kwa adabu. Na dawa hazikomi: za kuzuia damu kuganda, za mafuta, za presha. Akiziacha, hata mishipa mipya inaziba.

Sehemu ya 5 ni kidonda cha mguuni alikotolewa mshipa. Mnakipaka vitu vya ajabu huko.