Kilichopanda Kishushwe

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wa awali, ni kipande cha roketi, na kwamba kwa kawaida vipande vya aina hiyo huungua njiani au huangukia baharini.

Kwa kawaida. Mukuku hakuna bahari.

Wahandisi wa mwanzo waliamini anga za juu hazijai. Setilaiti ikimaliza kazi, iache huko huko. Vanguard 1, iliyorushwa na Marekani mwaka 1958, ilinyamaza miaka sita baadaye na mpaka leo inazunguka. Hatuwalaumu sana, nafasi ilionekana tele. Lakini mwaka 1978 Donald Kessler na mwenzake wa NASA walionyesha kwamba njia za setilaiti hujaa, vyombo hugongana, na kila mgongano huzaa vipande vya kugonga vingine. Mwaka 2009 setilaiti ya Iridium 33 ikavaana na Kosmos 2251, setilaiti ya Urusi iliyokwisha kufa, vikamwagika vipande zaidi ya elfu mbili. Tangu hapo, mhandisi anayesema hakujua anatudanganya.

Dawa inajulikana: bakiza mafuta. Roketi ikishatua mzigo, iwashe injini mara ya mwisho na kushukia mbali baharini, mahali palipochaguliwa. Wapo wanaofanya hivyo. Wasiofanya wanalia kwamba mafuta ya kushukia yanapunguza mzigo wa kulipiwa. Hao ni sawa na mwenye lori anayeng'oa breki ili apakie magunia mawili zaidi.

Mwaka 2023 kampuni ya Dish ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola 150,000 kwa kuiacha setilaiti yake kuukuu chini ya mahali ilipoahidi kuipeleka. Mafuta yalikuwa yamepungua. Kwa kampuni ya ukubwa ule, hiyo ni hela ya chai.

Kwa hiyo tusingoje faini. Serikali inayotoa kibali cha kurusha ikague hesabu ya mafuta mapema: ya kushukia hayamo, roketi haiondoki. Na kwenye hesabu hiyo, chini ya mstari wa mafuta, mhandisi aweke saini na jina lake kamili.