Kamera ya Baba na Ncha ya Khanga

Akina mama wapendwa, mwezi huu naomba tufungue kabati, tuangalie ile rafu ya juu ambako baba wa watoto ameweka kamera yake. Mwingine atasema kwamba hicho si chombo cha mama. Lakini ni nani anayefuta vumbi nyumbani? Na ni nani anayetaka kila kitu king'ae kabla ya sherehe? Ni sisi. Basi nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1995 tulikuwa tunaishi Kilwa Masoko, karibu kabisa na bahari, ambako mume wangu alihamishiwa kikazi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa abatizwe Jumapili, na mama mkwe alisafiri kwa basi kutoka Masasi kuja kumwona mjukuu wake. Jumamosi, mume wangu akiwa hayupo, niliitoa kamera katika mfuko wake wa ngozi. Nikaona madoa juu ya kioo cha lenzi. Nikashika ncha ya khanga niliyojifunga, nikaitia mate, nikasugua. Doa halikutoka. Nikachovya pamba kwenye mafuta ya taa, nikasugua tena. Kisha, kwa kuwa nilishamwona mume wangu akiichomoa lenzi, nami nikaichomoa, nikafuta na kile kioo kidogo cha ndani. Kikabaki na mikwaruzo. Moyo ukanipiga pa! Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikanyamaza.

Ubatizo ulikwenda vizuri. Mama mkwe alimpakata mjukuu mlangoni pa kanisa, na mwanga wa bahari ukimeremeta nyuma yake. Picha ziliporudi kutoka Dar es Salaam, zote zilikuwa kama zimepigwa ndani ya moshi. Sura ya mama ilikuwa kama ya mtu aliye nyuma ya chandarua. Mwaka uliofuata alifariki. Hatuna picha nyingine akiwa na mtoto yule.

Baadaye nilikutana na fundi wa kamera, akanieleza nilipokosea. Nanyi sikilizeni.

Kosa la kwanza ni kusugua kabla ya kuondoa mchanga. Chembe ya mchanga wa pwani ni ngumu kuliko kioo. Ukiisugua juu ya lenzi unakwaruza, hata kama kitambaa chako ni laini kama hariri. Na ncha ya khanga, mama, imebeba mchanga wa uani, mafuta ya nazi na majivu ya jikoni. Khanga mpya nayo ina wanga wa dukani.

Kosa la pili ni mate, mafuta ya taa, petroli, spiriti na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Juu ya kioo cha lenzi kuna utando mwembamba sana uliopakwa kiwandani ili mwanga upite vizuri. Mafuta ya taa huacha ukungu wa mafuta juu yake, na ndio ule moshi wa kwenye picha zetu. Dawa ya rangi ya kucha huyeyusha plastiki.

Kosa la tatu ni kugusa vilivyo ndani. Kile kioo kidogo hakifanani na kioo chako cha kujitazamia. Chako kimepakwa rangi ya fedha kwa nyuma, na kioo kinaikinga. Cha kamera kimepakwa kwa mbele, kwa hiyo ukikifuta unaifuta rangi yenyewe. Nyuma yake kuna pazia jembamba ambalo hata kidole hulipinda. Usiguse, wala usipulize kwa mdomo, maana mate huruka.

Kosa la nne ni la hatari, nalo ni kufungua skrubu za kamera yenye taa ya kumulika. Ndani yake kuna kifaa kinachotunza umeme wa volti 300 au zaidi, na umeme huo hubaki hata baada ya kutoa betri. Si kazi ya mama, wala ya kijana wako anayependa kufungua redio. Mpelekee fundi.

Kosa la tano ni kuanika kamera juani kama dagaa. Joto hulegeza gundi na kuyeyusha grisi ya ndani, ikatiririkia mahali pasipotakiwa.

Sasa tufanye nini sisi wa Kilwa, Lindi na Mchinga, ambao hewa yetu yenyewe ina chumvi? Jamani, chumvi hii si ya mchezo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Ikiwa bahari na mvua zimekula kuta za mawe, sembuse kioo?

Anza kwa kupuliza vumbi. Ule mpira mdogo wa kuvutia makamasi ya mtoto, ukiwa mpya na mkavu, unafaa sana. Kisha tumia brashi laini ambayo haijagusa poda wala mafuta. Mwisho, ikiwa bado kuna alama ya kidole, futa taratibu kwa kitambaa safi cha miwani, ukizungusha kuanzia katikati kwenda nje. Vumbi kidogo halionekani kwenye picha. Mkwaruzo hautoki.

Mkitoka safari ya mashua, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa sana, kisha kausha.

Kuhifadhi nako kuna adabu yake. Mfuko wa ngozi hushika unyevu, na ndani yake kuvu huota juu ya lenzi kama nyuzi za buibui, hasa miezi ya mvua. Kuvu ikiwa ndani haifutiki kwa nje, nayo hula ule utando mpaka kioo. Weka kamera katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Viweke mbali na watoto wasije wakavila. Usitumie mchele, una vumbi. Toa betri kama hamtaitumia kwa muda mrefu. Na mara kwa mara itoeni, mpige picha.

Siku hizi wengi tunapiga picha kwa simu, lakini mambo ni yale yale. Kile kijicho cha simu hushika mafuta ya mikono yetu ya jikoni. Ondoa mchanga kwanza, ndipo ufute.

Limebaki kosa la sita, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nilinyamaza. Miaka mingi mume wangu aliamini kwamba yeye ndiye aliyeharibu picha za mama yake. Nilipomwambia, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mke wangu, ungeniambia Jumamosi ile ile, ningeazima kamera ya jirani."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Ile picha ya moshi tumeitia fremu, iko sebuleni. Mtoto wetu, ambaye sasa ni mtu mzima, anasema anamtambua bibi yake kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

Mama mpendwa, ukiharibu kitu nyumbani, sema kabla jua halijazama. Kamera ina fundi wake. Siku iliyopita haina.