Baada ya Arobaini, Mtoto Yuko kwa Nani?

Jumuiya yetu inaujua msiba. Habari ikifika usiku, kabla ya asubuhi kikundi cha WhatsApp kimeshafunguliwa, mweka hazina ameshapatikana, orodha ya michango inapanda, na anayejua taratibu za kusafirisha mwili ameshaanza kupiga simu. Marehemu akiwa ameacha watoto, pale matangani kila mtu atawashika kichwa na kuwaambia wasihofu, wajomba wapo, mashangazi wapo. Kisha arobaini inapita. Salio dogo lililobaki anakabidhiwa mjane au bibi, kikundi kinafungwa, na sote tunarudi kwenye zamu zetu.

Toleo hili linahusu yanayofuata hapo. Familia kadhaa za jumuiya yetu hapa England zimetueleza kwamba zinataka kuanzisha taasisi ndogo ya hisani kwa ajili ya yatima. Baadhi zinafanya hivyo kama sadaka jaria ya mzazi aliyetangulia. Nyingine zimesukumwa na ibada ya Jumapili moja, au na habari za vita zilizowanyima usingizi. Moja imeandika wazi katika rasimu ya katiba yake kwamba itasaidia yatima popote walipo duniani. Tunazipongeza zote kwa dhati, na tunaandika haya kwa sababu tunataka zifanikiwe. Tuna ombi moja kubwa, na tunaliweka mbele kabla fedha hazijachangwa na kabla kiwanja hakijanunuliwa: msijenge kituo cha yatima.

Tunajua ombi hili linakatisha tamaa. Jengo linaonekana. Lina mlango, lina vitanda, lina kibao chenye jina la marehemu mama, na ukienda likizo Desemba unapokewa kwa nyimbo. Wapo pia watu wema waliotoa maisha yao kuendesha vituo, na wapo watoto ambao bila kituo wangelala barazani. Hatuwavunjii heshima. Lakini tujiulize kwanza yatima tunayemtafuta anaishi wapi leo.

Kwa hesabu za UNICEF za mwaka 2015, dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140. Hesabu hiyo inamjumlisha kila mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliofiwa na wote wawili walikuwa takriban milioni 15. Wale wengine, yaani zaidi ya milioni 120, wana mama au baba aliye hai, tena mara nyingi anayehangaika peke yake. Hata waliofiwa na wote wawili, kwa kawaida wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, au wanalelewa na kaka yao mkubwa. Sisi wenyewe tunalijua hili bila takwimu. Wangapi kati yetu tulikulia nyumba yenye watoto wa marehemu fulani, tukala nao sinia moja, na ikatuchukua miaka kujua kwamba hawakuzaliwa na mama yetu?

Sasa weka kituo kizuri karibu na kijiji chenye njaa. Chakula cha uhakika kiko ndani ya geti, godoro liko ndani ya geti, shule nzuri inalipiwa kwa walio ndani ya geti. Mjane mwenye watoto wanne atafanya nini? Atampeleka mmoja, pengine wawili, kwa uchungu na kwa mapenzi, kwa kuwa anataka wale na wasome. Hivyo mtoto mwenye mama anaingia kwenye daftari la yatima. Sadaka iliyotolewa ili mtoto apate mlezi imemtenganisha na mlezi aliyekuwa naye.

Na yapo madhara ambayo macho ya mgeni wa Desemba hayayaoni. Kuanzia mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa na familia, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliopata familia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili na katika kujenga uhusiano na watu. Mtoto mchanga anahitaji uso mmoja anaouzoea, mtu yule yule anayemnyanyua akilia usiku. Walezi wanaopokezana zamu, hata wawe wapole kiasi gani, hawawezi kumpa hilo.

Serikali za kwetu zimeshalielewa. Rwanda, nchi iliyobaki na yatima wengi mno baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilipitisha mwaka 2012 mkakati wa kuwatoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha kwenye familia. Kenya ina mkakati wake wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wenye mwelekeo huo huo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio linalosisitiza malezi ya familia. Tanzania bara, makao ya watoto lazima yawe na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Familia ya England inayoanza leo kumwaga zege la bweni la yatima huko Kisumu au Kakamega inajenga kitu ambacho Kenya yenyewe imepanga kuachana nacho.

Basi fedha ziende wapi? Tuangalie Kagera.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata kizazi cha kati kilifyekwa. Nyumba nyingi zilibaki na watu wa umri wa aina mbili tu, bibi na wajukuu. Wale wazee walikuwa wameshamaliza kulea. Walitarajia watoto wao wawatunze, na badala yake wakawazika, kisha wakaanza upya kulea wakiwa na migongo inayouma. Mwaka 2003, huko Nshamba, wilayani Muleba, ulianza mradi mdogo ulioasisiwa na Mswisi Kurt Madörin, ukaitwa Kwa Wazee. Haukujenga bweni. Uliwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa wenye wajukuu wa kulea. Bibi mwenyewe ndiye aliyeamua anunue nini. Utafiti kuhusu mradi huo uliochapishwa mwaka 2008 ulitaja kwenye kichwa chake vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Tunaomba kila familia inayotaka kuanzisha taasisi ivitafakari hivyo. Mtoto asiye na sabuni anachekwa darasani hadi anaacha shule, na hakuna mhisani atakayepiga picha kipande cha sabuni.

Hata serikali ya Kenya imepita njia hiyo. Tangu 2004 ina mpango wa kuzipa fedha taslimu kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu, na kwa miaka mingi kiwango kimekuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya. Ni kidogo, lakini kinamkuta mtoto alipo.

Kwa familia ya hapa, hesabu yake ni hii. Paundi 30 kwa mwezi, takriban shilingi laki moja za Tanzania, ni paundi 360 kwa mwaka kwa kaya moja. Kaya tano ni paundi 1,800. Ndugu watatu walioajiriwa wanaweza kuibeba bila kufanya hafla hata moja. Tangu 2016 shule za serikali Tanzania, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Kinachomkwamisha mtoto ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, nauli, na siku ambayo bibi anaumwa na hakuna wa kwenda shambani. Paundi 30 zinagusa hayo yote.

Ugumu uko kwenye muda. Mtoto mkimchukua akiwa na miaka sita, mmejifunga hadi atimize kumi na minane. Miaka kumi na miwili kwa kaya moja ni paundi 4,320, na ndani ya miaka hiyo kuna atakayepoteza kazi, kuna ndoa itakayovunjika, kuna nyumba mtakayonunua. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi bibi neno lolote, wekeni benki fedha za mwaka mzima wa kaya ile. Kaya tatu kwa miaka kumi na miwili ni kazi kubwa kuliko kaya thelathini kwa miezi minane, ingawa hizi thelathini ndizo zitakazopendeza kwenye tangazo. Tumeziona ahadi zilizokatika njiani, na maumivu ya mtoto aliyeachwa mara ya pili hayana mfano.

Jumuiya nzima nayo tunaiomba jambo. Msiba mwingine ukitupata, mweka hazina asifunge kikundi hadi iandikwe mtoto yuko kwa nani, mlezi huyo anahitaji nini kila mwezi, na nani kati yetu atampigia simu.

Tuseme kuhusu neno familia katika taasisi ya familia, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ilipo na ndipo hatari ilipo. Nguvu ni kwamba mnaaminiana, hamlipani mishahara, na mama yenu kule Korogwe anajua nyumba ipi haikuwasha moto jana. Hatari ni kwamba mama huyo huyo atawaona kwanza watoto wa upande wake. Kuwasomesha watoto wa kaka yako aliyefariki ni wajibu wa ukoo. Utimizeni kwa fedha zenu na msiombe watu wachangie. Mkishafungua mkono kwa umma, mtoto wa jirani msiyesalimiana naye ana haki sawa. Uchaguzi wa kaya ufanywe pamoja na afisa ustawi wa jamii wa wilaya na mtendaji wa kijiji, na sababu ziandikwe.

Huku kwetu sheria haitishi kama watu wanavyodhani. Kwa England na Wales, taasisi ya hisani hulazimika kujisajili Charity Commission ikiwa mapato yake kwa mwaka yanazidi paundi 5,000, isipokuwa muundo wa CIO (Charitable Incorporated Organisation) ambao husajiliwa hata mapato yawe madogo vipi. Chini ya hapo mnaweza kuanza na katiba, akaunti ya benki ya taasisi yenyewe yenye waidhinishaji wawili, na daftari. Mkitambuliwa na mamlaka ya kodi, HMRC, kila paundi inayotolewa na mlipa kodi huongezewa peni 25 kupitia Gift Aid. Wadhamini wawe angalau watatu, na tunasisitiza asiwepo mume, mke na shemeji peke yao. Tafuteni mtu wa nje anayejua hesabu na asiyeona haya kumwambia baba mwenye nyumba kwamba risiti hii haitoshi. Fedha za yatima zisipite kwenye akaunti ya mtu binafsi hata kwa wiki moja, awe mwaminifu namna gani. Waislamu na Wakristo kati yetu tumelelewa kuogopa mali ya yatima. Hofu hiyo iingie kwenye daftari.

Na ile ndoto ya dunia nzima? Tunaielewa. Mtu akiona mtoto kwenye kifusi hawezi kujiambia huyu si wa kwetu. Lakini someni kisa cha L'Arche de Zoé, taasisi ndogo ya Kifaransa. Oktoba 2007 wanachama wake walikamatwa Abéché, mashariki mwa Chad, wakijiandaa kupandisha kwenye ndege watoto 103 ambao wao waliwaita yatima wa Darfur. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu yalipowahoji watoto, ilibainika kwamba wengi wao walikuwa wakiishi na angalau mtu mzima mmoja waliyemhesabu kuwa mzazi wao. Wafaransa sita walihukumiwa miaka minane ya kazi ngumu, wakasamehewa mwaka uliofuata. Waliwachukua watoto mahali ambapo hawakumjua mtu, wala hawakuwa na ndugu zao wenyewe wa kuwaambia hapana. Katika vita na matetemeko watoto wengi hupotezana tu na wazazi wao, na kazi ya kwanza ni kuwatafutia watu wao. Kazi hiyo ina wenyewe, Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Mkiguswa na Sudan au Gaza, wapeni wao mchango wenu. Kaya zenu chagueni pale ambapo mna mtu wa kugonga mlango.

Picha za watoto wakilia msizitumie kuombea fedha. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima mwenye simu.

Jambo la mwisho ni kifungu ambacho rasimu nyingi tulizoonyeshwa hazina: taasisi ikifa itakuwaje. Sheria itawataka mseme salio linakwenda wapi, na liende kwa taasisi nyingine yenye lengo kama lenu. Ongezeni ninyi wenyewe kwamba kila kaya itaarifiwa mwaka mmoja kabla, kwa maandishi na kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa bibi, na kwamba fedha za mwaka huo hazitaguswa kwa shughuli nyingine yoyote. Familia ambayo haijawa tayari kuandika kifungu hicho isubiri kidogo, iendelee kuweka akiba, na ije tukae nayo tukiandike pamoja.