Risala ya wavuvi, wachuuzi na wakulima wa Kimwani kuhusu ulinzi wa ziwa

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa wilaya na kata, wazee wetu, ndugu wananchi,

Tuliokusanyika hapa mwaloni ni wavuvi, akina mama wanaoanika na kuchuuza dagaa, na wakulima wenye vibanja vya huko juu, na risala hii tumeiandika pamoja. Tunaianza kwa jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa watu wanaoishi kwa kuvua: ziwa lilindwe kwanza, mapato yafuate. Ikibidi kuchagua kati ya makusanyo ya mwaka huu na samaki wa miaka ijayo, sisi tunachagua samaki. Tunasema hivyo tukijua kuwa watakaolala njaa kwanza ni sisi.

Wazee waliokaa hapa mbele walikula furu wakiwa watoto. Sangara, anayewala furu hao, akapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, viwanda vya minofu vikajengwa, na aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Fedha zilikuja, hatukatai. Zipo nyumba za bati hapa zilizosimama kwa sangara. Lakini fedha hizo zilileta pupa, wengine wakavua kwa sumu, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria. Bei ikaanguka, na hata mvuvi ambaye hakuwahi kugusa sumu akakosa mnunuzi. Walioyaona ya mwaka ule hawahitaji semina ya kuwaambia kwamba ziwa likichafuka, uchumi nao unasimama.

Kwa hiyo, Mgeni Rasmi, hatukuja kulalamikia ulinzi. Tumekuja kulalamikia nani anaulipia.

Wavu haramu wa timba, ule wa uzi mmoja wa plastiki, hausukwi Kimwani. Unasafirishwa barabarani, unapangwa dukani, unauzwa mchana kweupe. Unakokamatwa ni kwenye mtumbwi. Katika msako mmoja, kijana wetu aliyekopa ili anunue nyavu halali za inchi 6 alichomewa zote kwa sababu zilikutwa chombo kimoja na kipande cha timba cha mwenzake. Deni analo mpaka leo. Vivyo hivyo sangara wa chini ya sentimita 50: mvuvi akikutwa naye anatozwa faini, na anastahili, lakini samaki huyo ana mnunuzi, na mnunuzi ana gari, na gari hilo linapita vizuizi vyote hadi linafika linakokwenda.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Tunaikubali. Ila mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi likapita kiwango cha rekodi cha mwaka 1964, maji yakaingia kwenye chanja za dagaa na kwenye nyumba. Aliyejenga mbali akajikuta jirani na maji bila kusogea hata hatua moja. Leo anaitwa mvamizi. Mita hizo zinahesabiwa kuanzia wapi? Tumeuliza, na kila anayekuja na kamba ya kupimia anaanzia pake.

Mwaka 2024 tuliona Ziwa Tanganyika likipumzishwa kwa kusitisha uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Tunajua zamu yetu inaweza kufika, na hatutaipinga. Lakini tutazame na jambo jingine lililo karibu zaidi nasi. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilometa 1,443, linapita katika wilaya yetu ya Muleba. Lilipopangiwa njia, mashamba yalipimwa, mazao yakahesabiwa, wenyewe wakaandikiwa fidia. Manung'uniko kuhusu viwango na ucheleweshaji yalikuwepo, ila hakuna aliyebisha msingi wake: ukimwondoa mtu kwa faida ya taifa, unamlipa. Je, samaki wanaoachwa wazaliane si faida ya taifa? Mbona mgomba unaopisha mafuta una bei, na mvuvi anayepisha samaki hana?

Hapo ndipo yanapotoka madai yetu. Msako uanzie dukani, ghalani na mpakani, na mwenye wavu halali asichomewe kwa kosa la mwenziwe. Mazalia ya samaki yatengwe na kuwekewa maboya, na wanaoyajua, yaani wavuvi wenyewe na kikundi cha ulinzi wa rasilimali cha hapa mwaloni, wawepo yanapochorwa. Likifungwa ziwa, leseni za miezi hiyo zisidaiwe, marejesho ya mikopo ya halmashauri yasogezwe mbele, na kaya za wavuvi na waanika dagaa ziandikwe na kulipwa kifuta jasho kabla ya siku ya kufunga, si baada. Sehemu ya ushuru wa samaki irudi hapa kwa ajili ya mafuta ya boti ya doria, choo na chanja. Mpaka wa mita 60 uwekewe vigingi mbele yetu sote, mara moja.

Na sisi tuna letu. Kokoro, wavu haramu wa kukokotwa hadi ufukweni, lipo hapa, na wenye kokoro tunawajua. Baadhi ni ndugu zetu. Tumekubaliana kwenye mkutano kwamba atakayelivuta tena tutamtaja kwa jina, awe kaka au shemeji. Wenzetu wanaolima hadi majini wameahidi kurudi nyuma baada ya mavuno haya na kupanda miti inayoshika udongo. Ahadi hizi hatukuzifunga kwenye madai yetu. Tutazitimiza hata tukijibiwa kwa kuchelewa.

Tunaomba jibu la maandishi, lisomwe hapa hapa mwaloni, akina mama wakiwepo.