TDR ikisema hakuna malaria, homa inaweza kuwa na neno lingine

Katika vituo vingi vya afya vya Kongo, malaria inapimwa kwa TDR: tone moja la damu kwenye kidole, dakika 15 au 20, kisha jibu. Kipimo hicho kimesaidia sana, zaidi vijijini ambako hakuna umeme wala labo. Lakini kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaambiwa. TDR inayotumiwa zaidi hapa inatafuta protini ya kijidudu kimoja tu, Plasmodium falciparum.

Na falciparum haiko peke yake. Malariae na ovale ziko kwetu pia, mara nyingi ndani ya damu ya mtu yule yule. Hata vivax, ambayo ilisemwa kwamba haiwezi kuwashika Waafrika wengi kwa sababu chembe zao nyekundu za damu hazina alama inayoitwa Duffy, imeonekana. Uchunguzi wa PCR kwa damu ya watu wazima karibu 18.000, iliyokusanywa nchi nzima mwaka 2013 na 2014, uliikuta kwa karibu watu 3 kati ya 100. Hao hawakuwa wagonjwa waliofika hospitali. Walikuwa wakaaji waliopimwa nyumbani kwao.

Wakubwa wa afya watajibu kwamba falciparum ndiyo inayoua, basi pesa ziende huko. Ni kweli, tena katika nchi inayobeba zaidi ya kesi 1 kati ya 10 za malaria duniani. Lakini kuua mara chache si sawa na kutodhuru.

Ovale inaweza kujificha ndani ya ini. Mgonjwa anamaliza dawa zake vizuri, anapona, halafu baada ya wiki au miezi homa inarudi bila mbu mpya kumuuma. Nyumbani watasema dawa ilikuwa ya bandia, ao kuna mtu amemroga. Dawa za ACT tunazopewa hazimalizi kile kilicholala kwenye ini. Primaquine inaweza, ila haigawanywi ovyo: kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD inavunja chembe za damu. Malariae nayo inaweza kukaa kwenye damu miaka mingi, kidogo kidogo, na kwa watoto wengine inaharibu figo mpaka uso na miguu vinavimba. Mtoto wa namna hiyo, ni nani atakayefikiria malaria wakati TDR imesema hakuna?

Siombi PCR katika kila kijiji. Hiyo ni ndoto. Hata TDR zinazotafuta aina zote za vijidudu hazikamati vizuri ovale na malariae vikiwa vichache. Naomba mikroskopi ishushwe kutoka kabatini, na fundi wa labo afundishwe tena kusoma tone nene. Programu ya taifa ya malaria, PNLP, ichague zone za afya chache katika kila jimbo. Mwenye homa isiyoisha na TDR isiyoonyesha kitu asomewe tone nene, badala ya kupewa dawa ya malaria kwa kubahatisha, maana homa nyingine si malaria hata kidogo. Matone machache yakaushwe kwenye karatasi na kutumwa INRB, Kinshasa, kwa PCR.

Na majibu yarudi mpaka kwenye kituo kilichotoa damu, kwa muganga aliyemuona mgonjwa, si kubaki ndani ya ripoti.