Anayechora Benchini Asisutwe

Wapo watu, tena wasomi, wanaomlaumu mume anayechora katika simu yake wakati mkewe yumo katika chumba cha upasuaji. Kwao, mwenye uchungu sharti ashike tama na kuukodolea macho mlango. Hiyo ni kasumba tupu!

Huko Lushoto, mgonjwa huteremshwa kutoka kijijini alfajiri, na jamaa hungoja nje ya hospitali kwa saa nyingi. Mama anayesuka kikapu hapo hasutwi na mtu. Lakini kijana akipitisha kidole juu ya kioo, akachora maporomoko ya Soni na migomba ya mkewe, huambiwa anacheza. Kwa nini? Kwa sababu ukili huhesabiwa kuwa kazi, na simu kuwa anasa. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vya ujenzi. Nani leo athubutuye kuiita kazi yake mchezo kwa ajili ya vifaa hivyo?

Daktari hana haja na macho ya mume mlangoni. Mke, akizinduka salama, atalikuta shamba lake limechorwa, mgomba kwa mgomba, na aliyelichora hajabanduka benchini.